Mabawa Mawili ya Kulia

Ndege yetu ilikuwa na mabawa mawili, na yote mawili yalikuwa ya kulia. Mtu ukimsimulia hivyo anacheka kwanza, halafu anauliza ilikuwaje, halafu anasema wanafunzi wa siku hizi hawana akili. Akili tulikuwa nazo. Tulichokuwa nacho zaidi ni watu wawili walionuniana, na mimi niliyewekwa katikati yao bila kuulizwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa mkia. Ndiyo maana wakaanza kuniita Mkia, jina nililolikataa wiki ya kwanza, nikalizoea, na mwisho nikawa naitika hata nikiitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Mkia wa ndege si kazi ya kuchezea, nawaambia. Una pande tatu, na ukikosea upande mmoja tu, kitu kizima kinaonekana kama samaki aliyekanyagwa.

Ndege yenyewe ilikuwa mfano wa ndege ya zamani ya abiria, yenye injini mbili na mapanga ya kuzunguka mbele. Mfano, lakini si wa kuweka kabatini. Kiwiliwili chake kilianzia jukwaa la ukumbi wa shule kikafika dirisha la tatu, na bawa moja lilibebwa na watu wanne. Ilikuwa ya mbao nyembamba, plaiwudi, kitambaa, gundi na rangi, na ilitakiwa isimame ukumbini siku ya maonyesho ya shule, wazazi na wageni waje waitazame. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeichora. Alikuwa mtu mwembamba, anayependa ndege kuliko anavyopenda watu, na hakuwahi kutuficha hilo.

"Isipokamilika," alituambia siku ya kwanza, "tutasogeza maonyesho muhula ujao. Mimi siwaonyeshi watu ndege nusu."

Kazi ikagawanywa. Bawa la kulia likapewa kundi la Injinia, tuliyemwita hivyo kwa sababu ya penseli iliyoota sikioni mwake. Bawa la kushoto likapewa kundi la Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Mwalimu hakujua alichokifanya. Injinia na Kidoti walikuwa mapacha, mtu na dada yake, na walikuwa hawajasemezana tangu mwaka uliotangulia.

Habari yao tuliijua sote, shule haina siri. Wazazi wao waliachana. Baba, fundi wa friji, akabaki nyumba ya zamani. Mama, muuguzi, akapanga vyumba viwili upande wa pili wa soko. Watoto wakaambiwa wamekua, wachague wenyewe. Mimi nasema huo si uungwana, kumwambia mtoto achague, lakini nani aliniuliza? Siku ya kuhama, Kidoti alijitwisha godoro lake. Injinia alikuwa amekaa kizingitini na hakunyanyua hata ndoo. Akamwambia, "Ukitoka naye, mimi na wewe basi." Kidoti akatoka. Alidhani ni maneno ya hasira tu, yatapoa. Kumbe mwenzake alikuwa amekula kiapo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Mama yao alipata barua ya uhamisho wa kazi, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Aliomba asubiriwe mpaka maonyesho ya shule yapite, kwa ajili ya binti yake, akakubaliwa. Baada ya hapo, safari. Kidoti aliniambia haya bombani, tukiosha brashi.

"Nataka aongee na mimi kabla sijaondoka," akasema. "Basi. Sitaki kingine. Hata akinitukana, sawa."

"Si uanze wewe?"

"Nimeanza mara ngapi? Namsalimia, anamtazama aliye nyuma yangu."

"Na kama nyuma yako hakuna mtu?"

"Anautazama ukuta."

Nikamwambia kaka yake ana kichwa kigumu kama kisiki na aachane naye. Akacheka kidogo, akaendelea kusugua brashi ambayo ilikuwa imeshatakata.

Basi mimi ndiye niliyegeuzwa kipaza sauti. Nikiwa karakana, Injinia ataniambia, "Mwambie huyo arudishe msumeno mdogo." Na huyo amesimama pale pale, msumeno mkononi, anasikia kila neno. Nami namgeukia, "Kaka yako anasema urudishe msumeno." Kidoti anajibu, "Mwambie nikimaliza." Nageuka tena, "Anasema akimaliza." Wenzetu wanakufa kwa kicheko, mimi shingo inaniuma. Hata habari ya uhamisho Injinia aliipata kupitia kwangu. Kidoti alinituma nimwambie mama amesema wanaondoka maonyesho yakiisha. Nilipomwambia, alikuwa anapiga randa. Hakusimama. Alipiga randa ubao ule mpaka ukawa mwembamba kama karatasi, ikabidi utupwe.

Bawa la kulia lilijengwa karakana. La kushoto, kwa kuwa karakana haikutosha, lilijengwa stoo ya madawati mabovu, nyuma ya ukumbi. Na mchoro ulikuwa wa bawa moja tu, la kulia. Mwalimu alitoa nakala mbili za mchoro ule ule, akatueleza jinsi ya kupata la kushoto: unachukua kitambaa chenye mafuta ya kupikia, unaipaka karatasi mpaka inang'aa, mistari inatokeza upande wa nyuma. Unaigeuza kifudifudi, unaitandaza mezani, unajenga juu yake. Mafundi wa ndege za mfano ndivyo wafanyavyo. Injinia hakuwa na haja ya kugeuza. Kidoti ndiye wa kugeuza.

Karatasi aliitandaza mwenyewe, akaifunika kwa nailoni gundi isigande juu yake, na wenzake wakafuata alipowaonyesha. Mtu akiuliza kwa nini hakuna aliyegundua, namwambia hivi: mbavu za bawa hazina kulia wala kushoto. Unakata, unapiga msasa, unapachika. Bawa likiwa peke yake katika chumba halina kasoro yoyote. Mwalimu aliingia stoo, akapitisha kiganja juu yake, akasema, "Safi sana." Akaenda karakana, akapitisha kiganja juu ya lile lingine, akasema, "Safi sana." Alikuwa sahihi mara zote mbili.

Siku moja vibanio vilipungua karakana. Kwa kawaida Injinia angemtuma mtu, lakini kila mtu alikuwa ameshikilia kitu chenye gundi, ikabidi aje mwenyewe. Mimi nilikuwa stoo napiga msasa usukani wa mkia. Kidoti alikuwa amepiga magoti anapaka gundi. Injinia akaingia, akaviona vibanio, akanyoosha mkono. Halafu akalitazama bawa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbele, ule mnene, akaufuata mpaka mwisho. Kidoti akaacha kupaka. Brashi imezama ndani ya kopo, yeye amemkodolea macho kaka yake. Injinia akafungua mdomo, nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Kisha akaufunga.

"Mwambie nimechukua vibanio," akaniambia, akatoka.

Kidoti akaenda bombani kuosha uso. Nikadhani ni gundi, maana ile gundi ilikuwa inawasha.

Tangu siku ile Injinia akabadilika. Yeye aliyekuwa anatukimbiza kama anafukuzwa, sasa akawa mzito. Kilichopigwa msasa kinapigwa tena. Kilichopakwa rangi kinakwanguliwa, eti haijashika. Kundi lake likaanza kunung'unika. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia kazi nzuri haitaki haraka. Nikamwambia kazi nzuri inataka kuisha, akanipa mgongo.

Ikafika siku moja kabla ya maonyesho. Kiwiliwili kilikuwa kimesimama ukumbini juu ya magurudumu yake, mkia wangu umekaa sawasawa, nausifu mwenyewe. Bawa la kulia likaletwa, likaingia mahali pake bila hata kugongwa. Tukapiga makofi. Likaletwa la kushoto, watu wanne, wanatembea kama wamebeba yai. Wakalisogeza. Ukingo mnene ukaja nyuma.

"Geuzeni," akasema mwalimu.

Wakaligeuza. Ukingo mnene ukaja mbele, lakini sasa tumbo la bawa likawa juu na mgongo chini, na sanduku la injini likakaa juu kabisa, kama sufuria kichwani kwa mtu.

"Geuzeni tena."

Wakaligeuza tena, kama vile mbao zingeweza kubadili mawazo njiani. Mtu mmoja akaanza kucheka. Wakacheka wote, mimi pia, mpaka tulipomwona mwalimu amekaa chini sakafuni, suruali yake nzuri kwenye vumbi la mbao.

"Nani hakugeuza karatasi?" akauliza.

"Mimi," akasema Kidoti.

"Ulisahau?"

"Sikusahau, mwalimu."

Hata wale wanne waliobeba bawa wakasahau kwamba ni zito.

"Niliacha makusudi." Alikuwa anazungumza na mwalimu, lakini macho yalikuwa kwa kaka yake. "Huyu tangu tukiwa wadogo hawezi kuniona nimekosea akanyamaza. Nikifunga kamba za viatu vibaya, anainama anazifungua. Nikasema akiliona hili bawa, lazima aje kunigombeza. Atashindwa kujizuia. Nilikuwa nasubiri anigombeze, nigeuze karatasi, nianze upya. Muda ulikuwepo. Ila hakusema. Nami nikaona, nikigeuza mwenyewe, basi ndiyo imetoka hiyo, hatasema tena."

Lo! Msichana mpole vile. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja akauliza vidole vyake vilivyopasuka atalipwa na nani, mwingine akasema hiyo ni roho mbaya. Injinia hakuwasikiliza. Akanigeukia mimi.

"Mwambie..."

"Simwambii!" Sauti ilinitoka mpaka nikajishangaa. "Simwambii mtu kitu! Nimechoka mimi! Huyo hapo mbele yako, masikio anayo mawili, na wewe mdomo unao. Mwambie mwenyewe, na kama huwezi, potelea mbali!"

Injinia akaitoa penseli sikioni, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilijua," akamwambia dada yake.

Ndilo neno la kwanza. Mwaka mzima na zaidi, na neno lenyewe ndilo hilo.

"Siku ile ya vibanio?" Kidoti akauliza.

"Siku ile."

"Ukanyamaza?"

"Mwalimu alisema isipokamilika, maonyesho yanasogezwa muhula ujao. Na mama amesema mnaondoka maonyesho yakiisha." Akaizungusha penseli. "Nikaona ndege isipokamilika, hamtaondoka. Ningekuambia umekosea, ungelirekebisha. Ungemaliza, ungeenda."

Kidoti akamsogelea.

"Yaani ulikuwa hutaki niende?"

"Sasa ningetaka uende ili iweje?"

"Na tungekaa huo muhula mzima, ungeongea na mimi?"

Alisema tu, "Ningejaribu." Mimi nilikuwa nimekasirika, nakiri, nilitaka kuwagonganisha vichwa vyote viwili. Na papo hapo niliwaonea huruma. Sijui mtu anafanyaje na vitu viwili kama hivyo kwa pamoja, mimi niliokota ufagio nikaanza kufagia.

Mkuu wa shule akaingia na watu wa kupanga viti. Mwalimu akainuka, akamweleza, akaomba maonyesho yasogezwe. Mkuu wa shule alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na hakuipandisha.

"Wageni wameshaalikwa, mwalimu. Kesho ni kesho. Iwe na bawa moja, iwe na matatu, watu wataiona."

"Ndege nusu?"

"Isukumeni ukutani, upande wa kushoto uelekee ukuta. Wageni watakaa upande huu."

Ndivyo ilivyokuwa. Tukaisukuma ukutani, tukaweka magogo chini isiegemee upande, tukafunga kamba pasipoonekana. Ukisimama mlangoni ungeapa ni ndege kamili. Muhula ujao ukaenda arijojo, na mpango wa Injinia ukaenda nao. Kidoti alisema jambo moja tu tukiwa tunafunga kamba, wala hakulisema kwa ukali.

"Tungekuwa tunaongea muda wote huu."

Injinia akajifuta uso kwa mkono wa shati uliojaa rangi, akabaki na mstari wa buluu kutoka jicho mpaka kidevu.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Wageni waliisifu ndege, wakauliza itaruka lini, wakapiga picha mbele ya mapanga. Mtu mmoja aliusifu mkia, na huyo nitamkumbuka daima. Mwalimu alisimama kando amejikaza, kila anayempongeza anamjibu "asante" kama anayeng'olewa jino. Mapacha hawakuwepo. Baba yao alifika na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Mama yao alifika kutoka kazini, viatu vyeupe mguuni. Wakasimama pande mbili za ndege, kila mmoja anatafuta mtoto wake kwa macho, na mwisho wote wawili wakaja kwangu. Nikawaambia wanifuate.

Walikuwa stoo, na tuliwasikia kabla hatujafika mlangoni. Walikuwa wamelilaza lile bawa sakafuni na wanalichuna kitambaa ili wazitoe mbavu wazigeuze moja moja. Kazi ya wiki nyingi. Hakuna aliyewatuma. Na walikuwa wanagombana, si mzaha, wanagombana kwa sauti ya kupasua paa.

"Ulitoka bila hata kugeuka nyuma!"

"Nilikuwa na godoro kichwani! Nigeukeje na godoro kichwani?"

"Ulimwacha baba!"

"Na mama aende peke yake? Wewe ulikuwa na baba. Yeye angekuwa na nani?"

"Mimi nilikuwa na nani, sasa? Baba anarudi, anakaa mbele ya redio, haiwashi. Nilikuwa na nani mimi?"

Mama akapiga hatua aingie. Baba akamshika mkono juu ya kiwiko.

"Waache," akasema. "Waache waseme."

Mama akaacha. Tukasimama pale nje, watu watatu, tunausikiliza ugomvi wa watu wengine kama tunaosikiliza taarifa ya habari. Mama alikuwa analia bila sauti. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nikarudi ukumbini, hayo mengine yalikuwa yao.

Siku waliyoondoka nilikwenda stendi kumuaga Kidoti. Mbavu walikuwa wamezigeuza chache tu, si hata robo, na bawa limebaki stoo hivyo hivyo. Aliniambia nisimwache kaka yake anune peke yake. Nikamwambia mimi si yaya. Akanikumbatia hata hivyo, akapanda, akakaa dirishani na mama yake. Injinia alikuwa amesimama chini ya dirisha, shingo juu, na alikuwa anaongea. Sikumsikia, kelele za stendi zilikuwa nyingi. Niliona mikono tu. Kidoti alikuwa anaitikia kwa kichwa, mara anacheka, mara anabisha.

Dereva akawasha gari. Injinia anaongea. Basi likaanza kurudi nyuma taratibu, akalifuata, mkono mmoja kwenye bati, anaongea. Likageuza pua kuelekea lango, akatembea nalo. Likaongeza mwendo, naye akakimbia, amewasukuma wauza maji, hajali, uso juu, mdomo haujafungwa hata kidogo. Kidoti alikuwa ametoa kichwa nje mpaka mabega na mama yake amemshika gauni. Basi likatoka langoni likashika barabara. Injinia alikimbia nalo mpaka miguu ikagoma, akainama pale katikati ya njia, mikono magotini, honi za magari zikimlilia pande zote. Nilipomfikia nilidhani analia tu. Alikuwa analia, ndiyo, lakini alikuwa bado anamwambia.